Soko Kati ya Barieri Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Biro ya komini tena. Benchi lile lile. Karani amesema Burgumesta, meya wetu, hayupo. Nilimsikia akikohoa ndani. Nimengoja mpaka jua likaingia barazani na kunipiga magotini, kisha nikaambiwa nirudi kesho kutwa.

Ombi letu ni fupi. Sisi wanawake wa soko la Kasuku tunaomba ruhusa ya kufungua soko nje ya mji kila Jumamosi, pale penye mashine ya zamani ya mpunga, njia ya Kibombo. Upande wa huku pana barieri ya askari wa mji, waliofunga njia. Mbele yake pana barieri ya watu wa msitu, wanaopigana nao. Katikati hapana mwenyewe. Nyasi tu, na ukuta wa mashine usio na paa.

Huku tuna chumvi na sabuni zinazoletwa na ndege. Chakula hatuna. Kule wana mihogo, mpunga na mawese. Chumvi hawana. Nilipokuwa nafundisha, hesabu ya namna hii nilikuwa nawapa watoto wa mwaka wa pili.

Nina hasira. Nimefagia uwanja mara mbili jioni hii na bado mikono inataka kazi.

Jumatano, 5 Juni

Burgumesta amenipokea. Mtu mpole, mwoga. Amekonda, shingo inaelea ndani ya kola. Alilisoma ombi, akalirudisha mezani taratibu kama yai. Alisema soko wakati wa amani ni la komini, soko wakati wa vita ni la Komanda wa askari. Yeye ana kashe tu, muhuri wa kupiga.

Kisha akasema, "Pole, Mama Ngalula." Nikajua hakusema hivyo kwa ajili ya soko.

Ngalula ni binti yangu wa pekee. Yuko kule. Alikwenda na Tanti Mbombo, dada ya baba yake, kuvuna mpunga, njia ikafungwa nyuma yao. Kabla ya Pasaka mwanamke mmoja aliyepenya usiku alitwambia wako hai, wanakaa kijiji cha pili baada ya barieri ya msitu. Tangu hapo, kimya. Mji mzima unaniita kwa jina lake na mimi sijui amekula nini leo.

Kwenye ombi hatukuandika watoto. Tumeandika chumvi na mihogo.

Jumamosi, 8 Juni

Soko la Kasuku leo: meza tupu, wauzaji wengi kuliko vitu. Vifungu vya chumvi. Sombe iliyokatwa nyuma ya nyumba za watu, majani ya mihogo, magumu ya zamani. Mtu mmoja anauza mizizi ya mgomba iliyochemshwa. Watu wananunua.

Mama Régine alitoka alfajiri kwenda kutafuta majani nje ya barieri. Askari walimrudisha. Mkono umevunjika. Alipita sokoni ameushika kwa mkono mwingine, hakulia, hakumtazama mtu. Wanawake wote wakanigeukia mimi. Nimechoka kugeukiwa.

Mama Zaina alivuta kigoda karibu. Yeye ni mtoto wa Kindu, wa mji huu huu, Mwislamu, mjane. Zamani aliuza vikwembe vya kuvaa, sasa anauza sabuni iliyokatwa vipande. Mdogo wa marehemu mume wake, Amuri, ndiye mkubwa wa barieri ya msitu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nikipata neno la Komanda, yeye atatafuta neno la shemeji yake.

Kwa mara ya kwanza niliona jambo hili linaweza kuwa. Nikaogopa zaidi.

Jumanne, 11 Juni

Komanda. Nyumba ya ghorofa karibu na mto, magunia ya mchanga mlangoni. Alikuwa ananyoa ndevu tulipoingia, akaendelea kunyoa. Tulikuwa wanne: mimi, Mama Zaina, na wazee wawili wa soko, Mama Esta na Mama Salima.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sikutegemea. Akafuta povu.

"Soko ni nini? Soko ni watu kuonana. Njo kitu mimi naogopa."

Nikamwambia kama ndicho anachoogopa, watu wenye njaa nao huonana, tena huonana usiku.

Akanitazama kupitia kioo. Akasema atafikiri. Nje, Mama Esta alinishika kiwiko mpaka barabarani.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna jibu. Nimepita mbele ya ile nyumba asubuhi, nikapita tena adhuhuri kana kwamba nina safari. Mlinzi alinicheka.

Baba Ngalula alikwenda stesheni kama kila siku. Treni haijaingia tangu vita, lakini yeye huenda, hukaa na wenzake, hurudi. Anasema mtu wa reli akikosa stesheni anakufa. Mimi nasema anajificha huko asikae nyumbani na kitanda kitupu cha mtoto. Hatukugombana. Tuligawana bukari kidogo, kila mmoja akimsukumia mwenzake tonge la mwisho, mpaka tukachoka.

Jumatatu, 17 Juni

Amekubali.

Masharti aliyasema mwenyewe, amesimama. Wanawake na wazee tu. Chumvi kidogo kwa kila mtu, isije ikalisha jeshi la msituni. Watu wanahesabiwa wakitoka, wanahesabiwa wakirudi. Aliyetoka mji arudi mji. Aliyetoka kule arudi kule. Mtu mmoja akivuka, soko linafungwa, na sisi wanne tunaingia kasho, gerezani kwake. Wanne. Alitunyooshea kidole mmoja mmoja, na kila mmoja akasema jina lake kwa sauti.

Wenzangu walipotoka nilirudi mlangoni. Nikamwambia nina mtoto kule, ni wa hapa, alibatizwa hapa, alizaliwa kwenye hospitali hii inayoonekana dirishani. Nikaomba huyo mmoja.

"Kila mama wa mji huu iko na muntu kule," alisema. "Nikifungulia wako, nimefungua njia."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Namchukia kwa sababu hakusema uongo.

Alhamisi, 20 Juni

Leo barieri ya pili. Mimi na Mama Zaina, kitambaa cheupe kwenye fimbo. Tulipita mashine ya mpunga, hakuna ndege aliyelia, au alilia na mimi sikusikia. Halafu barieri yenyewe, bambu iliyolazwa njiani, na vijana wenye majani vichwani.

Amuri ni mrefu, ana jipu mguuni, anachechemea. Alimsalimu Mama Zaina kwa heshima, kwa mbali. Dawa yao ya vita inakataza kugusana na mwanamke. Ruhusa ya Komanda niliiweka chini juu ya jani la mgomba, nikarudi nyuma, ndipo mtu wao akaiokota na kuisoma polepole, neno kwa neno, na wote wakasikiliza kama watu wanaosikiliza habari ya ukoo.

Amuri aliuliza kwanza kama chumvi ni ile ya mawe au ya unga. Halafu akatoa masharti yake. Asije mtu mwenye nguo ya jeshi. Bunduki zibaki barieri. Na watu wake, aliowalinda yeye, wasiingie mji hata mmoja, maana anayeingia mji huulizwa maswali, na akiulizwa atasema.

Basi. Maadui hawa wamekubaliana neno moja tu duniani: watoto wetu wasipite.

Wakati wa kuondoka, mwanamke aliyekuwa anatwanga karibu na njia alinipungia mchi. Nikamtajia Ngalula wa Tanti Mbombo. Akasema anamjua, yule mrefu anayeimba vibaya. Akasema atamfikishia kwamba mama yake anakuja siku ya soko.

Anaimba vibaya. Ndiye. Nilirudi njia nzima nikicheka na kupangusa macho, na Mama Zaina akijifanya anatazama pembeni.

Jumapili, 23 Juni

Nilimwambia mume wangu baada ya misa. Habari ya mtoto kwanza, masharti baadaye. Aliposikia habari ya mtoto aliinuka, akakaa, akainuka. Halafu akaanza kupanga. Tumfunge kikwembe changu, abebe kikapu kichwani, ainamishe uso, aingie katikati ya kundi. Askari hawajui kusoma nyuso za wanawake, alisema. Wanatazama vikapu.

Nikamweleza wanahesabu. Nikamweleza wanne tulitaja majina. Mama Esta ana wajukuu watano wasio na mwingine.

Kisha akauliza bila kupandisha sauti:

"Wewe ni mama ao ni soko?"

Nimezunguka nyumba mchana kutwa. Nimehamisha chungu kutoka kona hii kwenda kona ile na kukirudisha.

Jumatano, 26 Juni

Salongo, kazi ya pamoja, kwenye mashine ya mpunga. Tulifyeka nyasi wanawake tu, wa huku na wa kule, majembe na mapanga, na barieri zote mbili zikitutazama. Mwanzo kila upande ulifyeka kivyake. Halafu mwanamke mmoja wa kule alimtambua Mama Salima: walisoma pamoja kwa masista. Baada ya hapo haikuwezekana tena kujua nani wa wapi.

Ngalula hakuwepo. Walikuja wa kijiji cha karibu tu.

Tulimwaga majivu kuchora mstari katikati ya uwanja. Wa huku huku, wa kule kule, vitu vipite juu. Mstari mwembamba. Kuku anaweza kuufuta.

Ijumaa, 28 Juni

Burgumesta amepiga kashe kwenye ruhusa. Aliipuliza ikauke, akanipa kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha kama mtu aliyejenga daraja. Nilimshukuru vizuri, anastahili.

Kesho. Siwezi kula hata kile kidogo. Baba Ngalula amekaa mlangoni tangu nilipoingia. Neno alilosema ni moja: "Kesho." Sijui kama ni swali ao ni amri.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika kabla giza halijashuka. Nikiacha, sitaandika.

Walituhesabu kwenye barieri, askari akigusa kila bega kwa fimbo. Tulikuwa wengi. Tulipofika mashine, wa kule walikuwa wameshafika. Mihogo, Mungu wangu. Mirundo ya mihogo. Vibuyu vya mawese, mpunga mpya kwenye majani, ndizi, hata uyoga. Wanawake wetu walisimama kwanza wakatazama tu. Kisha mmoja akaweka chini chumvi yake, na kelele ya soko ikaanza. Sikuwahi kujua kwamba nimeikosa kelele ile.

Mstari wa majivu haukudumu. Watu walisalimiana juu yake, wakakumbatiana juu yake, wakaukanyaga. Bibi mmoja alimkuta mumewe mzee, akamgombeza kwa kuvaa shati chafu. Mama Régine, mkono umefungwa shingoni, alipewa mihogo na mtu asiyemjua na hakuombwa kitu.

Ngalula alikuja akikimbia. Nilimsikia kabla sijamwona, anaita Mama, na wanawake wengi wakageuka. Amekuwa mrefu kunipita. Amekonda mikono, miguu ina makovu ya mbu. Nilimshika nikamnusa shingo kama alipokuwa mchanga. Tanti Mbombo alisimama nyuma yake analia na kucheka.

Tulikaa chini ya ule ukuta. Alikula wali baridi niliouficha tangu jana. Alisema mambo mengi bila mpangilio: walihama mara tatu, Tanti aliugua, kuna mbuzi anayemfuata yeye tu. Aliuliza habari za baba yake, na kama kitanda chake bado kipo. Nilisema kipo.

Nilijua nini kinakuja, na nilikaa hapo nikichuna majani yaliyomganda kwenye kikwembe, moja moja, ili nisifike huko.

Firimbi ya kwanza ya kufunga soko ililia. Watu wakaanza kufunga mizigo. Ngalula akasimama, akachukua kikapu changu, akakiweka kichwani mwake.

"Twende, Mama."

Nikamwambia hapana. Hakuelewa, alidhani nasema habari ya kikapu. Nikamweleza. Kila mtu anarudi alikotoka. Nimeweka jina langu.

"Lakini mimi ni wa kule," alisema, na akaonyesha mji kwa kidole. "Mimi ni wako."

Mama Zaina alikuwa karibu. Alisikia yote. Dada yake wa tumbo moja alikuwa upande wa pili wa uwanja, anafunga mpunga ili arudi msituni. Mama Zaina hakunikataza. Alinitazama tu, kisha akageuka kuaga dada yake. Kama angenikataza, pengine ningempitisha.

"Rudi na Tanti," nikasema. "Jumamosi nitakuja."

Nilikishika kikapu nikakishusha kichwani pake. Alikuwa amekishika kwa nguvu. Nililazimika kuvuta. Nimevuta kikapu kwa mwanangu kama mtu anayenyang'anya.

Hakulia. Aliondoka bila kuaga. Tanti alimfuata mbio.

Kwenye barieri hesabu ilitimia. Askari alitabasamu, akasema tumefanya vizuri.

Nyumbani Baba Ngalula alikuwa amesimama njiani. Alitazama nyuma yangu, mbali, mpaka watu wote wakapita. Halafu akatazama kikapu.

"Njo mihogo umeniletea?"

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda misa. Nyumba zote za mtaa zinanuka mawese. Watoto wanacheza tena, wana nguvu ya kupiga kelele. Mume wangu hajala. Mimi nimekula. Nilikula mihogo yote niliyojipakulia, nikiichukia, mpaka ikaisha.

Jumamosi, 6 Julai

Soko la pili. Watu mara mbili ya wale wa kwanza. Ngalula hakuja.

Tanti Mbombo alikuja peke yake. Alinieleza kwa upole kwamba mtoto alifika mpaka barieri yao, akakaa juu ya jiwe, akakataa kuendelea. Nikampa sabuni na kikwembe ampelekee. Nilisimama pale penye ukuta mpaka firimbi ya pili, pengine angebadili nia.

Njiani wananiita Mama Soko. Mwanamke mmoja alinipigia magoti barabarani kwa sababu mtoto wake ameanza kutembea tena. Nilimwinua haraka.

Jumanne, 9 Julai

Baba Ngalula hakwenda stesheni leo. Alikwenda barieri.

Aliwaambia askari anakwenda kumchukua mwanae. Hakuwa na ruhusa wala silaha, wala hakukimbia. Walimsukuma, akainuka, akasonga. Walimpiga kitako cha bunduki begani, wakamkalisha juani. Mama Esta ndiye aliyekuja kuniambia, mdomo umemkauka.

Nilikwenda kwa Komanda nikiwa na unga mikononi. Alikuwa amekasirika safari hii. Alisema alijua, alisema soko ni watu kuonana, na waliokwisha kuonana hawakai tena. Alisema anafunga. Nilimwambia mume wangu hakuonana na mtu, njo maana alikwenda. Mimi nilionana na mtoto na nikamrudisha. Nikamwambia kama anataka kufunga soko, alifunge kwa ajili ya mtu aliyevuka, na hakuna mtu aliyevuka.

Aliuliza umri wa mtoto. Nikamwambia kumi na sita. Akaandika kikaratasi cha kumtoa mume wangu. Soko limebaki. Alininyooshea kikaratasi bila kunitazama.

Nilimkuta Baba Ngalula amekaa vumbini, midomo imepasuka kwa jua. Tulitembea polepole. Karibu na nyumba ndipo alipofungua kinywa.

"Nimeiona mashine kutoka pale. Sikujua ni karibu hivyo."

Nikasema ndiyo, ni karibu.

"Na wewe ulitoka pale ukarudi."

Nikasema ndiyo.

Alishika mkono wangu. Mbele za watu, mchana, kitu ambacho hajafanya tangu tulipokuwa wachumba.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemkanda bega kwa maji ya moto. Anakula. Alisema nikimwona kesho nimwambie baba hana neno naye wala na mama yake. Nikimwona. Nimelala, nimeamka, nimepanga chumvi, nimeipangua.

Jumamosi, 13 Julai

Alikuja.

Sikumwona akifika. Nilikuwa nampimia mtu sabuni, nikahisi kitu kizito magotini. Alikuwa amekaa chini mbele yangu, mgongo kwangu, kichwa ameegemeza kati ya magoti yangu, kama alivyokuwa anafanya alipokuwa mdogo. Kikwembe nilichompelekea amekivaa. Hakunisalimu. Alifungua kitambaa cha kichwa.

Nywele zimechafuka, zimefungamana, hazijaguswa muda mrefu. Nikamwachia Mama Zaina sabuni yangu. Nikaanza kuzichambua kwa vidole, nikipaka mawese, kisha nikaanza kusuka. Nilisuka mistari midogo, ile inayochukua muda.

Nilimpa maneno ya baba yake. Aliitikia kwa kichwa, nikamwambia atulie. Baadaye akaanza kuimba chini kwa chini, vibaya. Watu walipita, wakatusalimu, wakaendelea. Jua lilikuwa zuri.

Firimbi ya kwanza ilipolia nilikuwa nimefika katikati. Upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama kichaka. Alipapasa kwa mkono, akaona nilipoishia. Akafunga kitambaa mwenyewe.

"Jumamosi uanze mapema, Mama," alisema. Akaenda na Tanti. Kwenye bambu aligeuka.

Nyumbani Baba Ngalula aliuliza. Nikamwambia alikuja, nimemsuka, firimbi imenikuta njiani. Akauliza nilifika wapi.

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kichwa changu mwenyewe. Mpaka hapa.